Waliliita gari langu Chetezo, mpaka nilipolifungia dele la kunasa oil

Wakuu, masalkheri. Shikamooni mlionizidi umri, na nyinyi rika langu hamjambo.

Nimekaa humu muda mrefu nikisoma nyuzi za watu na kuuliza maswali. Leo ni zamu yangu kujigamba, na nitajigamba vizuri. Ninayoyaandika yalinipata mwenyewe. Anayedhani naongeza chumvi aje Mji wa Kale aulize Rukia mwenye gari jekundu, nimfungulie boneti aone.

Ndiyo, Rukia. Wengi humu mnaniita "kaka" na "bro", na mimi nimenyamaza kwa sababu ushauri mnaompa kaka huwa umenyooka kuliko ule mnaompa dada. Sasa mmejua. Tuendelee.

Gari lenyewe ni la Kijapani, manual, turbo, injini imelala, na juu ya boneti kuna tundu la kuvuta hewa. Sitaitaja kampuni, wenyewe mshaijua. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na gari hili ndilo kitu cha kwanza kikubwa nilichojichagulia mwenyewe bila kuulizwa wala kushauriwa na mtu. Nalipenda. Sitaona haya kulisema.

Shida yake ilikuwa moshi.

Si kila wakati. Ukiliwasha asubuhi linatema kidogo, kisha linatulia. Lakini likikaa sailensa, yaani limesimama injini inawaka, muda mrefu, ukija kukanyaga mafuta, linafumua moshi wa buluu mzito, unanukia oil iliyoungua. Sasa nyinyi mnaoujua Mji wa Kale mnajua njia zetu. Mkokoteni mmoja ukisimama kushusha magunia, gari zote nyuma yake zinangoja. Kwa hiyo gari langu lilikuwa likikaa sailensa kila siku ya Mungu.

Ijumaa moja nikakwama karibu na msikiti watu wakitoka kuswali. Mbele yangu tuktuk imezimika, nyuma yangu pikipiki, pembeni watu wamevaa kanzu zimepigwa pasi mpaka zinang'aa. Nikangoja, nikangoja. Tuktuk iliposukumwa kando nikakanyaga.

Wakuu, nilipotazama kioo sikuona kanzu hata moja. Niliona wingu tu.

Halafu ndani ya lile wingu sauti ikatoka, ya mtu mzima, imetulia kabisa:

"Rukia mwanangu, udi wa leo umeutoa wapi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Kufikia alasiri gari langu lilikuwa na jina. Chetezo.

Kwa wageni: chetezo ni kile chombo cha kutilia makaa ukafukizia udi na ubani nyumbani. Mtaani kwetu ukishapewa jina limekuganda. Watu wakawa wananiuliza kama nafukiza arusi, na kama nakodisha kwa saa. Mimi nilicheka nao. Lakini mama yangu aliitwa "mamake Chetezo" kwenye kisomo, mbele ya wanawake wenzake, na yeye hakucheka.

Siku hiyo hiyo aliitisha kikao sebuleni. Alikuwapo yeye, dada yangu Zena, na mume wa Zena, shemeji yangu Athmani, ambao wanakaa Tudor.

Niseme ukweli kuhusu Athmani, maana mtu huyu si mbaya. Ni muungwana, anampenda dada yangu, na analipenda gari langu pia. Tatizo ni namna anavyolipenda. Amekuwa akiniambia tangu mwanzo kwamba akilipata yeye angeng'oa ile turbo, atie injini ya kawaida, liwe gari la familia. Kila akisema hivyo mimi natamani kulia.

"Niuzie mimi, shemeji," akasema. "Litabaki nyumbani humu humu."

Mama akasema, "Mimi sina la gari. Mimi sitaki tena kusikia lile jina."

Nikajisikia nimebanwa kona. Na mimi nikibanwa mdomo wangu hutangulia akili. Nikasema:

"Akika ya mtoto wa kaka yetu iko Mariakani, na sote twaenda. Mimi natangulia na gari langu, nyinyi fuateni nyuma. Likitoa moshi kwenye ule mlima wa Mazeras, nikifika juu nampa Athmani ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama akanitazama. "Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

"Basi mimi ntakaa na Athmani kule nyuma, niangalie kwa mato yangu."

Hapo ndipo nilipojua nimejifunga. Kwetu neno la mbele ya watu halirudi.

Sasa tuje kwenye ufundi, na wale mnaojua mnivumilie niwaeleze wasiojua.

Nilianzia Makadara. Fundi wa kwanza aliusikiliza mlio, akanusa eksozi, akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ishuke. Hakupima kitu. Wa pili alikuwa na kipimo cha compression, akapima silinda zote, zikatoka sawasawa kabisa. Ringi nzima. Akakuna kichwa na yeye akasema injini ishuke, "kwa usalama."

Nikaja humu kuuliza. Mmoja wenu, Mungu amjazie, akaniambia nifungue bomba linalotoka kwenye turbo kwenda intercooler, ile rejeta ya kupoza hewa, nitazame ndani. Nikafungua. Oil ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko.

Kumbe ndiyo hivi. Injini yoyote inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya chini ya pistoni ikaingia kule kuliko na oil. Lazima itoke, la sivyo injini itavimbiwa. Watengenezaji wameitilia mpira wa kuirudisha kwenye njia ya hewa iungue upya. Sasa gesi ile haitoki peke yake, hubeba mvuke wa oil. Kwenye injini ya turbo iliyolala, mvuke ni mwingi. Gari likikaa sailensa oil inajikusanya kwenye mabomba, ukikanyaga yote inavutwa kwa pamoja ikaungua. Ndio ule udi.

Dawa yake ni catch can. Ni kopo linalokaa katikati ya ule mpira. Gesi inaingia, oil inanasa ndani na kushuka chini, hewa inatoka safi juu. Kila baada ya muda unafungua kibomba cha chini unamwaga uchafu. Basi.

Nikaagiza moja mtandaoni. Ikaja inang'aa, ya buluu, imeandikwa "RACING" ubavuni. Nikaifungua kifuniko kwa furaha, nikachungulia ndani.

Hamna kitu. Kopo tupu, matundu mawili juu, yanatazamana kama wachumba. Gesi ikiingia tundu hili inatokea lile na oil yake yote. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili langu hata kuvuma halikuvuma. Nililifunga, nikazunguka mtaa mara moja, nikalifungua. Kavu. Na moshi uko pale pale.

Sasa lile kopo likawa liko mezani, na mimi niko barazani jioni nanunua kahawa, nimenuna. Muuza kahawa akainamisha dele lake kunimiminia. Mnalijua dele la shaba, lenye mdomo mrefu. Kahawa ikatoka safi, machicha yakabaki ndani. Na mimi, ambaye nimekunywa kahawa hiyo tangu utotoni, nikajiuliza kwa mara ya kwanza machicha yanazuiwa na nini.

Nikamwambia anioneshe. Akaona nimechanganyikiwa, lakini akanionesha. Ndani ya mdomo wa dele kumeshindiliwa nyuzi za makumbi ya nazi. Kahawa inapita, machicha yanakwama.

Wakuu, nilisimama pale pale nikamwachia kikombe kimejaa.

Catch can nzuri ni dele lililogeuzwa. Hilo tu. Na mtaani kwetu kuna mtu anayetengeneza madele.

Anaitwa Shee. Tulisoma chuo cha Qurani pamoja, tukachapwa na maalim mmoja. Sasa ana kibanda cha kufua shaba, na sijapata kuona binadamu anayejisifu kama yeye. Ukimwambia sinia lake zuri atakwambia hilo ni baya, ngoja uone zuri. Kazi yake lakini haina mfano, na hilo ndilo linaloudhi.

Nikamchorea kwenye kipande cha katoni. Hapa gesi inaingia na bomba lake linashuka mpaka karibu na chini. Hapa juu inatoka. Huku chini kibomba cha kumwagia. Kifuniko kifungwe kwa bolti, kiwe kinafunguka. Asitie risasi ya kawaida ya kulehemu, achomelee kwa shaba, maana ndani ya boneti kuna moto.

"Na hapa kati?" akauliza.

"Hapa kati tia chujio. Hewa ipite, oil ibaki."

"Weye wan'ambia mimi habari ya chujio?" Akacheka. "Nenda zako. Wataka dele la gari, ntakupa dele ambalo hata gari lenyewe litaona haya kulivaa."

Nikarudi kulichukua, nikaligeuzageuza mikononi. Lilikuwa shaba ya manjano, limesuguliwa mpaka najiona uso. Kiunoni alilizungushia nakshi zile zile anazotia kwenye madele ya arusi. Mapua mawili yamekaa sawa, kibomba chini kimefungwa kwa ustadi. Nilipewa kitu kizuri kiasi kwamba sikutaka hata kulegeza bolti zake nikakikwaruza.

Kumbukeni hilo. Sikukifungua.

Nikalifunga mwenyewe uani kwetu. Nilitumia mipira ya oil, si ya maji, kwa sababu mpira wa maji ukikutana na oil ya moto hulainika ukanywea na kufunga njia. Nililikalisha mbali na turbo, karibu na ukuta wa nyuma ya injini. Nikakaza bano zote, nikapaka sabuni viungoni kutazama mapovu. Majirani walipita mmoja mmoja kuniuliza kama gari sasa litakuwa linapika kahawa. Niliwajibu ndiyo, na tangawizi.

Moshi ukakoma. Kwa siku kadhaa, Makadara, ofisini, Tudor kwa dada, hakuna hata uzi wa moshi. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Jumapili iliyofuata baada ya alasiri nikaenda Mama Ngina, kule ufukweni. Kuna wenzetu wa magari hukutana pale, wanaegesha, wanafungua maboneti, wanasifiana. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, na boneti langu ndilo lililojaza watu. Kila mtu anataka kuligusa dele. Mmoja akapiga picha yeye na dele, kama wanaoposana.

"Tusikizishe basi," mmoja akasema.

Nikaingia, nikawasha, nikaacha injini iwake vizuri huku wanaendelea kusifu. Kisha nikakanyaga.

Pap!

Ile dipstick, kijiti cha kupimia oil, iliruka kutoka kwenye injini ikapita juu ya vichwa vya watu. Oil ikachuruzika nyuma yake ikaangukia eksozi ya moto. Moshi ulipanda mweupe, mwingi, ukaenda moja kwa moja kwa muuza viazi karai. Yule bwana aliinua karai lake na mafuta yake ya moto akakimbia nalo, na mpaka leo sijui aliwezaje. Kina mama wakawavuta watoto. Mtu akapiga kelele gari linaungua.

Nilizima. Nikashuka.

Na katika watu wote wa kisiwa hiki, aliyekuja kusimama kando yangu alikuwa Athmani. Walikuwa wamekuja na Zena kula mihogo. Nilimngoja acheke. Hakucheka.

"Shemeji," akasema polepole, "hili gari litakuumiza. Lisikuumize kwa ajili ya maneno tuliyosema sebuleni. Ukitaka tuyamalize leo, sisi ni watu wa nyumba moja."

Angecheka ningemjibu. Ile huruma ilinichoma hasa, kwa sababu alikuwa akisema kweli kwa anavyoona yeye. Niliona njia ya kutoka imefunguliwa mbele yangu, ya heshima, bila mlima wala mama kutazama. Ufunguo nilikuwa nao mkononi.

Nikamwambia, "Mariakani, shemeji." Nikaenda kuokota kijiti changu.

Niliuchomoa ule mpira unaoingia kwenye dele ili injini ipumue nje, nikarudi nyumbani mdogomdogo, madirisha wazi. Njiani nilikuwa najua tayari. Injini ikirusha dipstick maana yake imezibwa pumzi. Gesi imekosa pa kutokea ikatafuta pake. Na kitu pekee kipya kwenye njia ile kilikuwa dele.

Kulipokucha nikafungua zile bolti ambazo sikutaka kuzikwaruza.

Makumbi!

Shee alikuwa ameshindilia makumbi ya nazi, amesokota kwa ustadi mkubwa, safi, kama anavyotia kwenye kila dele. Na makumbi yale yalikunywa mvuke na oil, yakavimba, yakawa bonge moja jeusi ambalo hata sindano isingepita. Hewa ya injini nzima ilikuwa inategemea kupenya hapo.

Nikalibeba dele chini ya buibui mpaka kibandani kwake, nikalimwaga lile bonge mbele yake juu ya fuawe.

"Nini hiki, Shee?"

Akakitazama. "Chujio."

"Makumbi! Kwenye injini!"

"Rukia, wewe ulitaka dele. Dele bila makumbi ni birika."

Nilitaka kukasirika, wallahi nilijaribu. Lakini ile sura yake, jinsi alivyoamini neno hilo kwa moyo wote, na ukweli kwamba mimi ndiye niliyemwambia "tia chujio" nikaenda zangu, vikanishinda. Nikakaa kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi. Yeye alinuna kwanza. Kisha akauliza injini inapumua namna gani. Nikamweleza vizuri, tangu mwanzo, kama nilivyowaeleza nyinyi. Akasikiliza. Mwisho akasema:

"Basi hii si kahawa. Hii ni pumzi. Ungen'ambia pumzi."

Neno lilikuwa hilo. Mimi nilisema chujio, na chujio kwa Shee ni kitu cha kukaza kisipitishe. Pumzi ni kitu cha kuachia.

Tukaanza upya pamoja. Yeye alikata visahani viwili vya shaba vya kukaa ndani ya dele, akavitoboa matundu mengi madogo, kwa uzuri wake ule ule wa kuudhi, matundu yamepangika mauamaua ilhali hakuna atakayeyaona. Mimi nilikwenda Makadara kununua stilwaya za kusugulia sufuria. Si zile laini zinazomeguka, maana kipande kikiingia kwenye turbo umekwisha. Zile nene, za chuma kisichoshika kutu, zilizojisokota. Nilichukua za kutosha, mama muuza vyombo akaniuliza kama nina arusi. Nikamwambia nina injini. Akaniombea dua.

Stilwaya zikakaa katikati ya visahani viwili, zimelegea, hazikushindiliwa. Oil ikigonga zile nyuzi inaganda matone na kushuka, hewa inapita.

Na safari hii sikulifunga mpaka nimelipuliza. Nilishika pua la kuingilia nikapuliza kwa mdomo, Shee ameweka kiganja upande wa pili.

"Wapita," akasema. "Puliza tena. Wapita kabisa."

Akapuliza na yeye, akaridhika, akatazama huku na huku, akasema sasa ndilo dele zuri, lile la kwanza lilikuwa la majaribio.

Ikafika siku ya akika.

Niliondoka peke yangu kwenye gari, nyuma yangu Athmani anaendesha, mama kakaa mbele kando yake, Zena nyuma. Tukavuka Makupa, Changamwe, Miritini. Kila nikitazama kioo naona buibui jeusi la mama limenyooka, halipepesi. Ni kama nilikuwa nafanya mtihani msimamizi kakaa mgongoni.

Mlima wa Mazeras ulipoanza, nikakuta lori limebeba kontena, linapanda kwa mwendo wa kobe. Upande wa pili malori yanashuka mfululizo, hakuna nafasi ya kupita. Kisha lile la mbele likasimama kabisa, sijui lilibadili gia gani. Nikawa nimesimama nyuma yake, injini sailensa, jua kali, mlima.

Mnaona? Ni hali ile ile ya msikitini. Kukaa sailensa muda mrefu, kisha kukanyaga. Kama ningechagua mwenyewe mahali pabaya pa kujaribiwa nisingepata pabaya kuliko pale.

Nikasoma dua nilizozijua.

Lori likajikokota. Upande wa pili ukafunguka. Nikaweka gia ya pili, nikaonesha indiketa, nikakanyaga mpaka chini.

Turbo ikavuta. Wakuu, anayeijua sauti ile anaijua. Gari likajinyanyua, lori likabaki kando, likabaki nyuma, na mimi macho yangu yote yako kwenye kioo kuliko barabarani, Mungu anisamehe.

Barabara ilikuwa safi. Niliona lori, nyuma yake gari la Athmani likichungulia pembeni, nyuma yake miti na bonde. Vyote nilikuwa naviona. Hakuna wingu.

Nililia. Kidogo tu, lakini nililia, na nikaongeza gia nikilia.

Mariakani nikaegesha nikawangoja. Athmani akashuka, akaja moja kwa moja nyuma ya gari langu, akainama akatazama eksozi, akapitisha kidole. Nawaambia ni muungwana. Akasimama wima mbele ya wote akasema, "Sikuona kitu. Nilikuwa natazama, na sikuona kitu."

Nikafungua boneti nijivune kidogo. Nikaweka chupa chini ya dele, nikafungua kibomba ili waone kilichonaswa.

Kikatoka kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa.

Athmani akashtuka kweli. "Maziwa! Shemeji, maji yameingia kwenye oil. Head gasket imekwenda. Injini imekufa hii!"

Zena akashika mdomo. Na fundi yeyote wa mjini angesema vile vile, maana maziwa kwenye oil ndiyo hukumu ya kifo tunayoijua sote.

Lakini mimi lile nilikuwa nimeshaliona siku za kwanza za stilwaya, nikashtuka kama yeye, nikatafuta jawabu. Nikachomoa dipstick nikamwonesha: oil safi, rangi ya asali. Nikamwonesha tangi la maji la akiba: liko pale pale kwenye alama. Nikamwambia, sisi tunakaa kisiwani. Hewa yetu ina maji kuliko hewa. Na safari zetu ni Mji wa Kale kwenda Makadara, Makadara kwenda Tudor, injini haipati hata kuchemka sawasawa ishazimwa. Yale maji yanageuka jasho ndani, zamani yalikuwa yanarudi kuliwa na injini pamoja na oil. Sasa yananaswa. Maziwa yakiwa kwenye dipstick, lia. Yakiwa kwenye catch can na kwingine ni safi, mwaga uendelee.

Athmani akasugua yale maziwa kwa vidole, akanusa, akaitazama dipstick tena. Akaitazama muda mrefu.

"Nimekubali," akasema. "Na ile habari ya kung'oa turbo, nisamehe."

Wakuu, kusifiwa na anayekupenda ni kutamu, lakini kukubaliwa na aliyekupinga kwa haki ni kutamu zaidi.

Mama aliingia kwa wanawake, akika ikasomwa, tukala, tukashukuru.

Wakati wa kurudi nikiwa natafuta ufunguo kwenye mkoba, nikaona mtu amesimama kwenye mlango wa abiria wa gari langu. Mama. Ambaye tangu nilinunue hajawahi kulipanda.

"Mama, huku kuna nafasi," Athmani akaita.

"Najua," akasema. Akangoja nimfungulie.

Akakaa, akakusanya buibui lake, akafunga mkanda. Tukaondoka, Athmani safari hii ametangulia. Nikawa naendesha kwa adabu, kama ninabeba mayai.

Tulipofika mahali barabara imenyooka na iko tupu, mama akainua kidole akaonesha mbele.

"Mpite."

"Nani, mama?"

"Huyo Athmani. Mpite."

Nikampita.

Basi wakuu, somo langu ndilo hili: unapompa mtu kazi, mweleze kitu kinafanya nini, usimpe jina tu, kwa sababu kila mtu jina ana lake. Na kitu kiwe kizuri kiasi gani, kifungue ndani na ukipulize kabla hujakifunga. Ningelipuliza dele lile siku ya kwanza, muuza viazi karai angeuza viazi vyake kwa amani.

Watu wa pwani, nani mwingine ana turbo kisiwani, na anamwaga catch can yake kila baada ya muda gani? Mnaokaa bara kwenye baridi, yenu inatoa rangi gani? Wenye njia bora kuliko stilwaya niambieni, nasoma kila maoni. Na yule anayetaka kuandika hapo chini kwamba mwanamke na turbo wapi na wapi, asijisumbue kuandika. Aje Mazeras, achague lori, tusimame nyuma yake.